Kaisari Konstantino na Alama ya Msalaba

Zamani za kale, kabla Yezu Kristu hajazaliwa, watu wa mataifa mengi walichora mistari miwili inayokatana. Wamisri walikuwa na alama kama msalaba wenye kitanzi juu. Maana yake ilikuwa uzima, nao waliichora mikononi mwa miungu yao.

Lakini kwa Waroma msalaba haukuwa pambo. Ulikuwa mti wa kuulia watu, tena watu wa chini: watumwa walioasi, wanyang'anyi, maadui wa serikali. Mwaka wa 71 kabla ya Kristu, watumwa 6000 walitundikwa kandokando ya njia itokayo Capua kwenda Roma. Kwa hiyo Wakristu wa kwanza walijiandika msalaba kwa kidole juu ya paji la uso, lakini ni mara chache tu waliuchora mahali pa kuonekana. Walipenda kuchora samaki, nanga, au mchungaji na kondoo wake.

Katika ufalme huo alizaliwa Konstantino, karibu na mwaka wa 272, mjini Naissus, nchi iitwayo leo Serbia. Baba yake alikuwa jemadari. Mama yake, Helena, alikuwa mtu wa ukoo mnyonge, na mumewe alipotaka cheo alimwacha, akaoa binti wa wakubwa. Mtoto hakusahau jambo hilo. Alipopata ukuu alimpa mama yake heshima ya malkia.

Konstantino alikuwa kijana katika nyumba ya Kaisari Diocletian, Wakristu walipoanza kuteswa sana mwaka wa 303. Aliona makanisa yakibomolewa na vitabu vitakatifu vikichomwa moto. Miaka mitatu baadaye baba yake alifia York, katika Uingereza, na askari wakamsimamisha Konstantino kuwa kaisari.

Mwaka wa 312 alishuka Italia kupigana na Maxentius, aliyeshika mji wa Roma. Mwalimu wa mwanawe aliandika kwamba Konstantino aliagizwa katika ndoto kutia alama ya Kristu juu ya ngao za askari. Askofu Eusebio aliandika habari nyingine kidogo, aliyosema ameisikia kwa kaisari mwenyewe: msalaba wa nuru ulionekana juu ya jua, na askari wakauona. Tarehe 28 Oktoba walipigana karibu na daraja la Milvio. Maxentius alizama katika mto Tiber, na Konstantino akaingia Roma.

Mwaka wa 313 yeye na mwenzake Licinius waliwapa Wakristu ruhusa ya kusali bila woga, wakarudishiwa mali yao. Waandishi wa kale husema pia kwamba Konstantino alikataza watu wasiuawe tena msalabani. Basi mti wa aibu ukaacha kutumiwa, na alama ya Kristu ikatangulia mbele ya majeshi. Ajabu kweli: alama ya aliyekubali kuuawa sasa ilibebwa na wenye mikuki.

Wala mikono ya kaisari haikuwa safi. Mwaka wa 326 aliamuru Crispus, mwanawe wa kwanza, auawe. Karibu na wakati huo Helena, ambaye sasa alikuwa bibi mzee, alisafiri mpaka nchi ya Palestina. Baadaye ilisimuliwa kwamba ndiye aliyevumbua msalaba wa Bwana. Pale Yerusalemu Konstantino alijenga kanisa kubwa, likabarikiwa mwaka wa 335.

Yeye mwenyewe alikawia kubatizwa mpaka alipougua mwaka wa 337. Alivua nguo zake nyekundu za kifalme, akavaa nyeupe, akafa siku ya Pentekoste.

Hata baada yake Wakristu hawakufanya haraka kumchora Yezu akiwa ametundikwa. Katika kanisa la Mtakatifu Sabina mjini Roma kuna mlango wa mbao, uliochongwa karibu na mwaka wa 430. Yezu anaonekana pale kati ya wezi wawili, mikono imetandazwa, lakini mti wenyewe hauonekani vizuri.