Khabari za Sheikh Abdullah Quilliam wa Liverpool

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ewe ndugu msomaji, hizi ni khabari za mtu aliyesilimu katika mji mkubwa wa Uingereza, akaishi kati ya watu wa kila dini na watu wasiojali dini yoyote, wala asiifiche dini yake. Sisi watu wa pwani tumezaliwa tukisikia adhana, na huenda tusijue thamani yake mpaka tukae mahali ambapo jirani huicheka. Na wana wetu wangapi husafiri kutafuta riziki katika miji ya namna hiyo!

William Henry Quilliam alizaliwa Liverpool katika mwaka 1856. Wazee wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Methodisti, watu waliochukia ulevi, naye tangu utoto wake akaingia katika vyama vya kupinga pombe. Alipokuwa mtu mzima alisoma sheria, akawa wakili mwenye jina, akitetea khasa watu wanyonge.

Liverpool siku hizo ilikuwa bandari kubwa, na kila meli ilishusha watu wa namna yake. Palikuwa na Wakatoliki wa Ireland, Waprotestanti, watu wa Wales, Mayahudi, na mabaharia wa Bara Hindi, China na Afrika ya Magharibi. Wakatoliki na Waprotestanti walifika hata kupigana mabarabarani. Walakini nyuma ya makanisa hayo yote, maskini wengi hawakuwa wakiingia katika hata moja, na baadhi ya wasomi walikuwa wamekwisha kuona shaka katika dini ya wazee wao. Huo ndio mji: makelele ya dini ni mengi, na imani inapungua.

Katika miaka ya 1880 Quilliam alisafiri kwenda Moroko kupumzisha mwili wake. Huko akawaona Waislamu, akaona jinsi wanavyosali na jinsi wanavyojiepusha na pombe, jambo ambalo yeye alikuwa amelihangaikia kwao miaka mingi kwa hotuba na vyama. Akasoma, akafikiri, hata katika mwaka 1887 akatangaza Uislamu wake, akajiita Abdullah.

Akaanza kufundisha watu katika chumba cha kupanga. Waliomfuata mwanzo walikuwa wachache kabisa, na mmojawapo wa wale wa kwanza alikuwa bibi kijana, Fatima Cates, aliyeshika dini yake juu ya upinzani wa watu wake mwenyewe. Mwenye nyumba alipojua wanayoyaamini juu ya Nabii Isa, aliwatoa. Ndipo katika mwaka 1889 wakapata nyumba nambari 8, Brougham Terrace, wakaifanya msikiti na madrasa. Tarehe 25 Desemba mwaka huo, siku ya sikukuu ya Wakristo, waliifungua kwa kuwalisha watoto maskini wa mji, wala hawakuuliza mtoto huyu ni wa dini gani.

Hata hivyo taabu haikukoma. Mwadhini alipotoa sauti, watu walikusanyika nje, wakatupa mawe na matope. Waislamu waliokwenda kusali walitukanwa njiani. Sheikh Abdullah hakuwajibu kwa matusi. Alifungua milango yake zaidi: akaweka skuli ya watoto, na maktaba, na nyumba ya kulea watoto waliotupwa na wazazi. Jumapili jioni aliwakaribisha wenyeji kwa hotuba na nyimbo zilizofanana na walizozizoea, kisha Waislamu wakasali sala yao. Wako waliomlaumu kwa nyimbo hizo, na shauri hilo lina haki ya kufikiriwa. Lakini mamia ya watu walisilimu mikononi mwake. Tena walikuwa na mtambo wao wa kupiga chapa, na tangu mwaka 1893 wakatoa gazeti la kila wiki, The Crescent, likasomwa katika nchi nyingi za Kiislamu.

Sifa zake zikafika mbali. Katika mwaka 1894 Sultan Abdul Hamid wa Uturuki alimpa cheo cha Sheikh-ul-Islam wa Visiwa vya Uingereza, na mwaka huo huo alimtuma Lagos kuhudhuria ufunguzi wa msikiti wa Shitta Bey. Ndugu wa Afuganistani, kwa mkono wa mwana wa Amiri, walimpa paundi 2,500 za kununulia nyumba ile. Na Waingereza walipoingia vita vya Sudan, katika mwaka 1896, alitoa fatwa kuwa si halali Mwislamu kumpiga Mwislamu mwenziwe. Kwa neno hilo wengi katika nchi yake walimwona msaliti, naye hakulirudisha.

Lakini katika mwaka 1908 aliondoka Liverpool kwenda Uturuki, na mwaka uliofuata akafutwa katika daftari la mawakili kwa sababu ya kosa katika kesi ya talaka. Nyumba ikauzwa, gazeti likafa, jamaa wakatawanyika. Aliporudi Uingereza aliishi kwa jina jingine, Harun Mustafa Leon, akisali pamoja na Waislamu wa London na Woking. Alifariki katika mwaka 1932, akazikwa Brookwood.

Basi tazama, ndugu. Mawe ya wenye kuchukia hayakuuvunja msikiti ule kwa muda wa miaka 19; uliuvunja kuondoka kwa mtu mmoja. Lau nyumba ile ingalifungwa wakfu, na kazi ikawekwa mikononi mwa jamaa wenye kushauriana, isingaliuzwa. Nyumba ikawa afisi ya serikali kwa miaka mingi, mpaka Waislamu wa Liverpool walipoitengeneza, na katika mwaka 2014 ikasaliwa tena.

Uchache si aibu. Mwislamu akiwa peke yake katika mji, na afungue mlango wake, amfanyie wema jirani yake, na aifundishe dini nyumba yake. Lakini wakiwa wawili au watatu, na waandikiane, wachague viongozi, waifunge wakfu mali yao, ili mmoja akiondoka wengine wasimame.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdullah, amsamehe makosa yake, na atuthubutishe sisi na wana wetu popote tulipo. Amin.