Maisha ya Charlotte Brontë, Mtungaji wa Jane Eyre

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za wafalme, wasafiri na mashujaa wa vita. Leo naomba nafasi nieleze maisha ya mwanamke mmoja mfupi wa kimo, mwenye macho mabovu, binti wa kasisi asiye na mali. Jina lake ni Charlotte Brontë. Yeye ndiye aliyetunga Jane Eyre, hadithi ya msichana yatima anayekua, anayefanya kazi, na mwisho anayependa na kupendwa. Nimewasikia wanafunzi wengi wakisema kwamba hicho ni kitabu cha mapenzi tu, cha kusomwa na wasichana wakati wa likizo. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu zimo katika maisha ya mtungaji mwenyewe.

Charlotte alizaliwa tarehe 21 Aprili 1816 katika kijiji cha Thornton, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Baba yake, Patrick Brontë, alikuwa mtu wa Ireland aliyezaliwa katika nyumba ya maskini, akasoma kwa juhudi mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akawa kasisi. Mwaka 1820 jamaa yote ilihamia Haworth, mji mdogo juu ya kilima, wenye baridi na upepo mwingi. Nyumba yao ilipakana na makaburi. Mwaka 1821 mama akafa, akaacha watoto sita, na mkubwa wao alikuwa na miaka saba tu. Dada wa marehemu akaja kuwalea. Kifo hakikuwa mgeni katika mji ule. Mkaguzi wa serikali aliyeupeleleza mwaka 1850 aliona kwamba wastani wa umri wa watu waliokufa haukufika miaka 26, kwa sababu ya maji machafu na uchache wa vyoo.

Mwaka 1824 baba aliwapeleka binti zake wanne katika shule ya bweni ya mabinti wa makasisi, mahali paitwapo Cowan Bridge. Karo yake ilikuwa ndogo, naye hakuwa na uwezo wa kulipa zaidi. Chakula kilikuwa kibaya na baridi ilikuwa kali. Maria na Elizabeth, dada zake wakubwa, walishikwa na kifua kikuu, wakarudishwa nyumbani, wakafa mwaka 1825, mmoja ana miaka 11 na mwingine 10. Charlotte, mwenye miaka tisa, akawa ndiye mkubwa wa watoto waliobaki. Jambo hili hakulisahau kamwe. Kila asomaye habari za shule ya Lowood katika Jane Eyre, na za yule mtoto mpole Helen Burns anayekufa kitandani, anasoma habari za Cowan Bridge na za Maria.

Baada ya hapo watoto wanne, yaani Charlotte, Branwell, Emily na Anne, walikaa nyumbani pamoja. Mwaka 1826 baba alimletea Branwell askari 12 wa mbao. Watoto wakawapa majina, wakawatungia vita, miji na serikali. Tena, jambo la kutuchekesha sisi, nchi yao ya kubuni waliiweka katika pwani ya magharibi ya Afrika, ingawa Afrika waliijua kwa ramani na magazeti tu! Hadithi hizo waliziandika kwa herufi ndogo sana katika vijitabu vya ukubwa wa kibiriti. Hivyo Charlotte alijifunza kazi yake tangu utotoni, wala hapakuwa na mtu aliyemwagiza.

Mwaka 1831 alipelekwa katika shule nyingine, Roe Head, iliyokuwa njema, na mwaka 1835 akarudi huko kufundisha. Alifundisha mchana, usiku akatamani kalamu. Akiwa na miaka 20 alimwandikia Robert Southey, mshairi mkuu wa Uingereza wakati ule, akimpelekea mashairi yake. Southey alijibu kwa upole, lakini alimwonya kwamba kutunga vitabu si kazi ya mwanamke, wala haifai iwe hivyo. Charlotte aliiweka barua ile, akaendelea kuandika.

Mwaka 1839 alichumbiwa mara mbili, na makasisi wawili mbalimbali. Wa kwanza alikuwa ndugu wa rafiki yake, aliyetaka mke wa kumsaidia katika kazi zake. Charlotte alikuwa hana mali wala uzuri wa sura wa kujivunia, na watu wangesema ashukuru. Lakini aliona hapana mapenzi, akakataa wote wawili, akaenda kufundisha watoto katika nyumba za matajiri. Kazi hiyo ilimchosha sana, kwa kuwa mwalimu wa namna hiyo hakuhesabiwa kuwa mgeni wala mtumishi.

Mwaka 1842 alikwenda Brussels, nchi ya Ubelgiji, pamoja na Emily, kujifunza Kifaransa ili wapate kufungua shule yao wenyewe. Hapo alikutana na mwalimu Constantin Heger, mtu mwenye akili na hasira, ambaye kwa mara ya kwanza alimwonyesha namna ya kusahihisha maandishi yake. Charlotte alimpenda. Lakini Heger alikuwa na mke, naye ndiye mwenye shule. Mwezi wa Januari 1844 Charlotte akarudi nyumbani. Alimwandikia barua za huzuni, na majibu yakazidi kuwa machache mpaka yakakoma. Barua zile zilikuja kuchapishwa mwaka 1913, na zinaonyesha jinsi alivyoumia.

Mambo mengine nayo yakaharibika. Shule waliyotangaza haikupata hata mwanafunzi mmoja. Mwaka 1846 Charlotte, Emily na Anne walilipa fedha zao wenyewe ili mashairi yao yapigwe chapa. Walitumia majina ya bandia, Currer, Ellis na Acton Bell, ili wasidharauliwe kwa kuwa ni wanawake. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili tu. Hadithi ya kwanza ya Charlotte nayo ilikataliwa na mpiga chapa mmoja baada ya mwingine. Mwezi wa Agosti mwaka uleule alimpeleka baba yake Manchester kupasuliwa mtoto wa jicho. Basi, katika nyumba ya kupanga, akimwuguza mzee aliyelala gizani, akaanza kuandika Jane Eyre.

Kitabu kilitoka mwezi wa Oktoba 1847, kikapendwa mara moja. Jane ni yatima anayeonewa na mke wa mjomba wake, anasoma Lowood, kisha anakwenda kufundisha mtoto katika nyumba ya Bwana Rochester. Wanapendana. Siku ya arusi inajulikana kwamba Rochester anaye mke, mwenye wazimu, aliyefichwa katika orofa ya juu ya nyumba ileile. Jane anampenda bado, lakini anaondoka, karibu mikono mitupu. Baadaye mtu mwingine, mwema na mkavu, anamtaka aolewe ili amsaidie kazi ya umisheni Uhindi. Huyo pia anamkataa, kwa sababu ndoa bila mapenzi ni mzigo. Anarudi kwa Rochester baada ya yule mke kufa katika moto, naye Rochester amekuwa kipofu. Wakati huo Jane ana fedha zake za urithi, anamchagua mume kwa hiari yake.

Sasa tazameni, wenzangu. Charlotte aliyajua majaribu haya yote mawili. Alimpenda mtu mwenye mke, na aliombwa na mtu asiyempenda. Kwa hiyo Jane anaposema hapana, si maneno ya hadithi tu. Ni mwanamke aliyelipa gharama ndiye anayeandika.

Furaha haikudumu. Mwezi wa Julai 1848 Charlotte na Anne walipanda gari la moshi la usiku mpaka London, wakajionyesha kwa wapiga chapa wao, ambao walistaajabu kuona wanawake wawili wadogo wa shamba. Mwezi wa Septemba Branwell akafa, mwezi wa Desemba Emily, aliyetunga Wuthering Heights, na mwezi wa Mei 1849 Anne. Dada hawa watatu walikuwa na desturi ya kuizunguka meza jioni wakisomeana waliyoyaandika. Sasa Charlotte aliizunguka peke yake. Hata hivyo alimaliza Shirley mwaka 1849, na Villette mwaka 1853.

Mwaka 1852 Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake, alimposa. Mzee alikasirika sana, akaona mshahara wa paundi 100 kwa mwaka ni aibu kwa binti mwenye sifa kama yake. Charlotte alingoja mpaka baba akalegea, na wakaoana tarehe 29 Juni 1854. Mzee alikataa kwenda kanisani, na mwalimu wake wa zamani wa Roe Head ndiye aliyemkabidhi. Aliishi na mumewe kwa raha miezi tisa. Tarehe 31 Machi 1855, akiwa mja mzito na mgonjwa, alikufa. Hakutimiza miaka 39. Baba yake aliwazika watoto wote sita, akaishi mpaka mwaka 1861.

Mimi sasa ni mwalimu, na kila mwaka nawaona wasichana wenye akili wakiondolewa shuleni kwa sababu mchumba amepatikana, au kwa sababu karo ni ya kaka zao. Wako pia wavulana wanaofikiri kwamba msichana maskini lazima amkubali wa kwanza amtakaye. Wazee wa shule hii, ninyi mlio na binti, nawasihi mkifikirie kitabu hiki. Nanyi wanafunzi, nakala imo katika maktaba, imechakaa kwa kusomwa. Kiombeni, mkisome polepole mpaka mwisho, kisha mwambiane kama ni cha mapenzi tu.