THELONIOUS MONK: MPIGA PIANO ALIYENYIMWA KAZI

Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wengi wetu huiandika methali hii katika insha, tukapata alama zetu, kisha tukaisahau. Leo, msomaji mpenzi, nataka nikusimulie habari za mtu aliyeitimiza ingawa hakujua Kiswahili.

Thelonious Monk alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1917 katika mji wa Rocky Mount, jimbo la North Carolina, kule Marekani. Mwaka wa 1922 mama yake aliwahamishia watoto New York. Monk alianza kupiga piano akiwa bado mdogo. Alijiunga na shule ya upili ya Stuyvesant lakini hakumaliza. Alipokuwa na miaka kumi na saba hivi, aliondoka nyumbani akaandamana na mhubiri mmoja mwanamke, akawa anampigia piano katika mikutano ya injili mji hadi mji.

Aliporudi New York alipata kazi katika Minton's Playhouse, klabu ya usiku iliyokuwa mtaani Harlem. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, yeye na wenzake kama Kenny Clarke, Dizzy Gillespie na Charlie Parker walizua jazz ya aina mpya. Lakini upigaji wa Monk ulikuwa wa peke yake. Alinyoosha vidole badala ya kuvikunja. Pale watu walipotarajia sauti, yeye alinyamaza. Mara angegonga sauti mbili zinazogombana, ukadhani amekosea. Kumbe wapi! Alijua alichokitaka. Kampuni ya Blue Note ilianza kurekodi nyimbo zake mwaka wa 1947, lakini santuri hizo hazikununuliwa sana.

Mwezi wa Agosti 1951 balaa likaingia. Monk alikuwa ndani ya gari pamoja na rafiki yake Bud Powell, ambaye pia alikuwa mpiga piano hodari. Polisi wakawakuta na heroini. Inasimuliwa kwamba dawa hizo hazikuwa za Monk. Angeweza kumtaja mwenzake akajiokoa. Alikataa katakata, akatiwa ndani.

Adhabu kubwa zaidi ilikuja alipotoka. Siku hizo kila mwanamuziki wa New York alihitaji kadi kutoka kwa polisi ili apate kufanya kazi mahali palipouzwa pombe. Kadi hiyo ilikuwa kama kipande: huna, huli. Na jazz ilipigwa wapi kama si katika klabu hizo? Monk alinyang'anywa kadi yake, na kwa muda wa miaka sita hivi milango hiyo ikafungwa. Mkewe, Nellie, alifanya kazi ili watoto wapate chakula. Monk naye hakulala. Alitunga nyimbo, alirekodi santuri, akapiga nje ya jiji. Mwaka wa 1954 alifika hata Paris.

Mwaka wa 1957 alirudishiwa kadi. Akaanza kupiga katika klabu ya Five Spot, pamoja na John Coltrane wa saksafoni, na watu wakafurika. Upigaji ni ule ule waliokuwa wakiucheka! Mwezi wa Februari 1964 picha yake ilitokea kwenye jalada la gazeti la Time. Sheria ya kadi nayo ilifutwa mwaka wa 1967.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya furaha. Aliugua, akaacha kabisa kupiga piano. Alifariki tarehe 17 Februari 1982 akiwa na miaka 64. Mwaka wa 2006 alitunukiwa Tuzo maalum ya Pulitzer, na wimbo wake Round Midnight bado unapigwa duniani kote.

Wako watakaosema kwamba Monk alifanya ujinga, angesema tu ukweli aende zake. Tena dawa za kulevya si mchezo, ziliharibu wanamuziki wengi wa wakati ule. Mimi simsifu mtu kwa kuficha uovu. Lakini najiuliza, na wewe mwenzangu ujiulize: kama kumtaja rafiki yako kungekupa mkate wa miaka sita, ungenyamaza? Mimi bado sijapata jibu. Monk alilipata usiku mmoja, akalilipia bila kunung'unika.