John F. Kennedy: raisi aliyefungulia mabalozi njia ya fonie

John Fitzgerald Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, Marekani. Mwaka 1943, mu vita ya pili ya dunia, mashua yake ilipasuliwa na meli ya Wajapani. Yeye na wenzake walikwama kwenye visiwa, mpaka wenyeji wakapeleka ujumbe wake ulioandikwa juu ya kifuu cha nazi. Ndiyo iliwaokoa.

Alikuwa raisi tangu Januari 1961. Ile wakati, sheria ya Marekani ilikataza serikali za kigeni kupata ruhusa ya kutumia fonie pale kwao. Sasa, namna gani ungeomba kwa mwenzako kitu chenye wewe unamunyima? Tarehe 11 Oktoba 1962, Kennedy akatia sahihi sheria mupya: ubalozi wa kigeni unaweza kuwa na fonie ya nguvu kidogo mjini Washington, kama usalama wa inchi hauguswi, na kama serikali yake inawapa Wamarekani haki ile ile kwake.

Siku chache kisha, hatari ya Cuba ikalipuka. Balozi wa Urusi alikuwa bado anatuma ujumbe kwa kampuni ya telegrafu. Kijana alikuja kuuchukua na kinga. Vita ya nyuklia ilikuwa karibu, na barua zilichelewa masaa mengi.

Tarehe 20 Juni 1963, inchi hizo mbili zilikubaliana kuweka laini ya moja kwa moja, pamoja na njia ya redio kupitia Tangier.

Kennedy aliuawa Dallas tarehe 22 Novemba 1963, na miaka 46. Laini ile ilibaki.