Bwana Celsius na Kipimo cha Joto

Bwana Anders Celsius alizaliwa mwaka 1701 mjini Uppsala, katika Uswidi, nchi ya Kilutheri, akawa mwalimu wa elimu ya nyota. Mwaka 1742 alitoa kipimo cha joto chenye vipande 100. Ila 0 aliiweka penye maji yachemkayo, na 100 penye barafu. Tena aliona ya kuwa hewa ikiwa nyepesi, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Ndiyo sababu kwetu Sumbawanga, juu ya Ufipa, huchemka kwa digrii 94 hivi, na maharagwe hukawia kuiva. Alikufa mwaka 1744 kwa kifua kikuu, hajatimiza miaka 43. Wengine wakakigeuza kipimo chake, 0 ikawa ya barafu. Walakini jina lake halikufutwa. Basi kazi yetu ikisahihishwa tusinung'unike. Mwenye shamba ni Mungu.