*TAFAKURI YA RAMADHANI: Rufaida na mgonjwa aliyefia mikononi mwake*



Ndugu yangu uliyefunga, tafakuri ya leo ni yetu sote, lakini leo namlenga zaidi mwanafunzi wa uuguzi. Wewe uliyekula daku ya tende mbili na maji kwa sababu zamu ya usiku haikukupa nafasi, kisha adhana ilipolia ukaswali na kurudi kwenye vitanda vyako. Hebu tumsome leo bibi aliyekutangulia katika kazi hiyo.

Anaitwa *Rufaida al-Aslamiyya* (r.a.), mwanamke wa kabila la Bani Aslam aliyeishi Madina zama za Mtume (s.a.w.). Ibn Is-haq, mwandishi wa sira, anamsifu kwa mambo mawili: alikuwa akitibu majeruhi, na alijitolea kwa kutaraji malipo ya Allah kumhudumia Muislamu yeyote asiye na wa kumwangalia. Alikuwa na hema lake msikitini kwa Mtume. Fikiria hapo kidogo. Watu wanaswali, na hatua chache tu pembeni kuna mtu anafungwa kidonda. Hakuna aliyeona kwamba kazi ya Rufaida inachafua ibada.

Mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627, vikaja Vita vya Khandaq. Saad bin Muadh (r.a.), kiongozi wa Aws, akapigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Huyu si mtu mdogo. Aliposilimu yeye, ukoo wake ulimfuata. Mtume akaagiza awekwe kwenye hema la Rufaida, apate kumtembelea kwa karibu. Imepokewa kwamba Mtume alimchoma Saad kwa chuma ili kuzuia damu, mkono ukavimba, akamchoma tena mara ya pili. Na kila alipopita jioni alimuuliza ameshindaje, na asubuhi alimuuliza ameamkaje, kisha akamsikiliza akieleza hali yake.

Hapo umeiona huruma ya kweli, si ndio? Mtume alikuwa na mji mzima mabegani, adui ndiyo kwanza ameondoka. Bado alipata muda wa kusimama penye kitanda cha mgonjwa na kumwacha ajibu mwenyewe. Leo mgonjwa anaweza kupimwa presha mara nne na asiulizwe hata mara moja amelalaje.

Baadaye Saad akapandishwa juu ya punda, akapelekwa kutoa hukumu juu ya Bani Quraydha, kisha akarudishwa. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. Saad akamwomba Mola wake: kama bado kuna vita na Makuraishi ambakize, na kama vimekwisha, jeraha hilohilo liwe sababu ya kufa kwake. Usiku huo jeraha likapasuka. Watu wa Bani Ghifar waliokuwa kwenye hema jirani walishtuka kuona damu inatiririka kuja kwao, wakauliza ni kitu gani hicho kinachotoka upande wa pili. Ilikuwa damu ya Saad. Akafariki.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Mgonjwa ambaye jina la Rufaida linatajwa pamoja naye mpaka leo, ni mgonjwa *aliyefariki*. Alipata hema, akapata mhudumu bora, akachomwa jeraha na Mtume mwenyewe, na bado ajali yake ilipofika aliondoka. Mgonjwa naye ana dua zake na Mola wake ambazo wewe huzijui. Kazi yako ni kumhudumia kwa uaminifu. Roho yake hukukabidhiwa wewe.

Nalisema hili kwa sababu wapo wanafunzi wanaopata kifo cha kwanza wodini, wanaambiwa watazoea, basi yamekwisha. Wananawa mikono, wanarudi hosteli, usingizi hauji. Futari haipiti kooni. Wengine wanaanza kujiona imani yao ni dhaifu kwa sababu wanalia. Kwani nani aliyesema muumini halii? Imepokewa kutoka kwa bibi Aisha (r.a.) kwamba Saad alipofariki, yeye akiwa chumbani kwake aliweza kutofautisha kilio cha Abu Bakr na kilio cha Umar. Abu Bakr na Umar hao! Na Mtume mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Kwa hiyo lia. Lakini majonzi yakigeuka kuwa sonona, wiki mbili zinapita hulali, huli, huna hamu ya lolote, au unatamani usiwepo, hapo usijifungie na mswala peke yake. Mwambie mtu unayemwamini, na umwone daktari au mshauri nasaha haraka. Mtume alituamrisha tujitibu. Swala na dawa havigombani. Hema la Rufaida lilikuwa msikitini.

Kuna jambo jingine. Kabla ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, wanawake wa Bani Ghifar, kabila lilelile la majirani wa hema, walimwendea Mtume wakamwomba ruhusa ya kutoka naye ili watibu majeruhi. Walisema wanachotaka, kwa adabu na bila kuzungusha maneno, na akawakubalia. Naye Ibn Saad, anayemtaja mwenye lile hema kwa jina la Ku'ayba bint Saad al-Aslamiyya, anaandika kwamba alikuwepo Khaybar. Ni kama mwaka na ushei tangu Saad afariki. Aliendelea na kazi.

Basi na wewe jifunze kusema. Kumwambia sista wa zamu kwamba kazi fulani hujawahi kuifanya peke yako na unaomba akusimamie, si utovu wa adabu. Kueleza kwamba umepangiwa zamu tatu za usiku mfululizo na mwili umechoka, si uvivu. Kunyamaza kwa woga mpaka ukakosea dozi, hiyo ndiyo hatari kwako na kwa mgonjwa.

Huko Bahrain, chuo cha RCSI hutoa tuzo yenye jina la Rufaida kwa mwanafunzi wa uuguzi aliyewahudumia wagonjwa vizuri kuliko wenzake. Karne kumi na nne baadaye, bado jina lake linamtafuta mtu kama wewe.

*Kazi ya leo kwa sisi wengine:* kabla ya futari, mpigie simu nesi au mwanafunzi wa uuguzi mmoja unayemjua. Muulize ameshindaje. Halafu nyamaza, umwache ajibu.

Ewe Mola, warehemu waliotutangulia, waponye wagonjwa wetu, na watie nguvu wanaowahudumia usiku sisi tukiwa tumelala. Uwape wa kuwauliza hali zao asubuhi na jioni. Aamin.

Ramadhani karim. Mtumie na mwenzako.