Paul Ehrlich, munganga aliyetaka dawa ipige mdudu bila kuumiza mgonjwa

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika muji wa Strehlen, ambao leo uko inchini Poland. Tangu alipokuwa mwanafunzi wa uganga, alipenda kuchezea rangi za viwandani. Aliona kwamba rangi moja hushika aina fulani ya seli na kuacha zingine. Akajiuliza: kama rangi inaweza kuchagua, kwa nini dawa isichague? Mwaka 1891 huko Berlin, aliwapa wagonjwa 2 wa malaria rangi ya bluu ya methilini, nao wakapata nafuu.

Miaka iliyofuata, ugonjwa wa malale uliua watu wengi huko Congo na Uganda. Waganga walitumia atoksili, dawa yenye aseniki. Ilipunguza wadudu katika damu, lakini iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1907, Ehrlich na mwenzake Alfred Bertheim walionyesha kwamba wanakemia walikuwa wamekosea muundo wa atoksili. Baada ya kujua vizuri kitu walichokuwa nacho mkononi, waliweza kuibadilisha kidogo kidogo, na wakatengeneza mamia ya dawa mpya.

Namba 606 iliwekwa kando, kwani jaribio la kwanza lilisema haina kazi. Mwaka 1909, Sahachiro Hata kutoka Japani aliijaribu upya kwa sungura wenye kaswende, na vidonda vikapona. Bila jaribio hilo la pili, dawa ingebaki kabatini.

Mwaka 1910 ilianza kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Lakini unga wake uliharibika ukiguswa na hewa na kuzidi kuwa sumu. Kwa hiyo ulifungwa katika vichupa vya kioo visivyo na hewa, na munganga alipaswa kuuchanganya wakati wa kupiga sindano tu. Waliokosea waliumiza wagonjwa, na lawama zikamwangukia Ehrlich. Yeye aliwasihi waganga wafuate maelezo na kumletea ripoti. Mwaka 1912 alitoa Neosalvarsan, iliyo rahisi zaidi kuyeyusha.

Ehrlich alifariki tarehe 20 Agosti 1915, akiwa na miaka 61. Hadi leo, mtafiti anayeshika kemikali kuchunguza ugonjwa anapaswa kujiuliza maswali yale yale: je, kilicho ndani ya chupa ndicho kilichoandikwa juu yake? Je, kinagusa kile tu kilichotumwa kugusa? Na kwa kipimo gani kinaanza kugusa vingine?